Heshima Impasayo Mwokoaji



Mtu akianguka mtoni, na mwingine akajitupa majini akamtoa, kijiji chote hukimbilia kumtazama huyo aliyejitupa. Hushikwa mkono, husifiwa, na watoto hulijua jina lake. Hiyo ni haki. Lakini fikirini kidogo. Mtumbwi uliokuwa tayari ukingoni, na kafi iliyokuwamo, na kamba aliyorushiwa mwenye kuzama, vilitoka wapi? Vilitengenezwa na fundi fulani mwaka uliopita, siku ambayo hapakuwa na mtu aliyelia. Siku ya msiba pengine fundi huyo alikuwa shambani kwake. Je, ana fungu katika sifa ile, au hana? Na kama analo, ni kubwa kiasi gani?

Swali hili si la kuchezea maneno. Jinsi sisi tunavyogawa heshima, ndivyo watoto wetu wanavyojifunza ni kazi ipi inayofaa kufanywa. Kwa hiyo tulipime kwa habari za mtu mmoja wa Marekani, Charles Momsen, afisa wa majini na mtungaji wa vyombo vya kuokolea, aliyezaliwa mwaka wa 1896, akafa mwaka wa 1967. Nitawaambia mema yake, kisha nitawaambia na yale yanayolemea upande wa pili wa mizani.

Yafaa kwanza mjue nyambizi ni chombo cha namna gani. Ni meli ya chuma iliyofungwa pande zote kama chupa iliyozibwa. Ina matangi, yakijazwa maji, meli huzama kwa makusudi, maji yakisukumwa nje kwa hewa, meli huibuka tena. Imetumiwa zaidi kwa vita, wala sitaficha neno hilo. Hatari yake yaonekana wazi: maji yakiingia, watu hawana pa kukimbilia. Tena maji yana uzito. Kila ushukapo mita 10, uzito huongezeka kilo moja juu ya kila sentimita moja ya mraba. Katika kina cha mita 70, mahali penye upana wa kiganja cha mkono hukandamizwa kwa kilo 700 hivi. Hakuna mwanamume awezaye kuusukuma mlango unaobanwa namna hiyo. Kwa hiyo zamani zile nyambizi ikizama na watu wake, kwa kawaida ndugu zao hawakungoja kitu, walianza matanga.

Usiku wa tarehe 25 Septemba 1925, nyambizi iitwayo S-51 ilikuwa ikienda juu ya maji karibu na kisiwa cha Block Island, upande wa mashariki wa Marekani. Meli ya mvuke, City of Rome, ikaigonga ubavuni, nayo ikazama upesi. Walikuwamo watu 36. Waliopona ni 3 tu. Momsen wakati ule alikuwa nahodha wa nyambizi nyingine, S-1, akatumwa kuwatafuta wenzake. Akafika mahali penyewe, akaona mafuta yametanda juu ya bahari na mapovu yakipanda. Chini yake, katika kina cha mita 40 hivi, walikuwa watu aliowafahamu. Hakuwa na la kufanya. Hakuwa na chombo cha kuwafikia, wala hapakuwa na mwingine aliyekuwa nacho.

Mtu wa namna hiyo anaweza kulia, kisha akarudi kazini kwake. Hakuna atakayemlaumu. Momsen alichukua karatasi akaanza kuchora.

Chukueni kikombe, mkigeuze kifudifudi, mkishushe wima katika beseni la maji: hewa iliyomo haitoki, na maji hayakijazi. Momsen alifikiri juu ya kikombe cha namna hiyo, kikubwa, cha chuma, ambacho tutakiita kengele. Kingeteremshwa mpaka juu ya mlango wa nyambizi iliyozama. Ukingo wake wa chini ungekuwa na mpira wa kuzuia maji. Maji ya ndani yangesukumwa nje, na hapo uzito wa bahari yenyewe ungeigandamiza kengele juu ya nyambizi, isiteleze. Ndipo mlango ungefunguliwa, na watu wangepanda bila kulowa. Angalieni busara iliyomo: uzito ule ule uliokuwa ukiufunga mlango, sasa umepewa kazi ya kuwashikia waokoaji chombo chao.

Akaipeleka michoro yake katika ofisi ya utengenezaji wa meli za vita, Washington. Miezi ikapita, mwaka ukaisha, jibu halikuja. Baadaye yeye mwenyewe akahamishiwa kazi katika ofisi ile ile, naye akaikuta michoro yake katika karatasi zilizolala, haijashughulikiwa na mtu. Akaitoa, akaitetea. Wakubwa wakaikataa, wakisema kwamba jambo hilo haliwezekani.

Hapo angeweza kusema, Nimetimiza wajibu wangu. Lawama si yangu tena. Wengi wetu husimama hapo, na mimi ninayeandika simo nje ya hesabu. Tumeona daraja limeoza, tukamwambia mkubwa wa njia, hakuja, nasi tukaendelea kupita juu yake mpaka siku ya siku.

Siku ya siku ilikuwa tarehe 17 Desemba 1927. Meli ya walinzi wa pwani, Paulding, iliigonga nyambizi S-4 karibu na mji wa Provincetown, ikazama na watu 40. Lakini safari hii bahari haikunyamaza. Mpiga mbizi aliposhuka na kugonga chuma kwa nyundo, aligongewa kutoka ndani: watu 6 walikuwa hai katika chumba cha mbele. Kwa alama za kugonga, kama wazee walivyopeleka habari kwa ngoma, watu hao waliuliza kama liko tumaini. Walioko juu walijibu wawezavyo. Tufani ikavuma, kazi ikazuilika. Kugonga kule kukaendelea kwa siku tatu hivi, kukafifia, kisha kukakoma. Hakuna hata mmoja aliyetoka hai.

Sisemi ya kwamba kengele ingaliwaokoa kwa hakika, kwa maana tufani ilikuwa kali. Nasema hivi tu: michoro ilikuwapo ikilala katika ofisi wakati watu wale walipokuwa wakigonga, na kwa hiyo hapakuwa na mtu wa ofisi ile aliyeweza kusema, Tulifanya yote.

Tangu siku hiyo Momsen hakungoja tena. Pamoja na wenzake Frank Hobson na Clarence Tibbals alitengeneza kwanza chombo kidogo, mfuko wa mpira wa kuvaliwa kifuani, wenye oksijeni ndani yake na dawa ya chokaa ya kusafisha pumzi. Mtu aliyenaswa chini angeweza kupumua kwa mfuko huo akipanda polepole mpaka juu. Na nani aujaribu? Mganga akitunga dawa mpya, amnyweshe nani kwanza? Momsen aliuvaa mwenyewe. Nyambizi ile ile S-4, iliyokuwa kaburi la watu 40, ilikuwa imeinuliwa mwaka wa 1928 na kufanywa chombo cha majaribio; wakaizamisha kwa makusudi, naye akatoka ndani yake kwa mfuko wake katika kina cha zaidi ya mita 60. Mwaka wa 1929 alipewa nishani kwa kazi hiyo. Miaka mingi baadaye, katika mwaka wa 1944, watu wachache wa nyambizi Tang waliutumia wakatoka chini ya bahari wakiwa hai.

Na kengele? Nayo sasa ilikubaliwa. Kengele za kwanza zilikatwa katika pipa kubwa la chuma lililowahi kufungwa juu ya S-1, meli ya Momsen ya zamani, la kuhifadhia ndege ndogo. Zilikuwa na kasoro, na majaribio yakaonyesha yapasayo kubadilishwa. Lakini Momsen akawa na kazi nyingine, na afisa mwingine, Allan McCann, akakabidhiwa kuikamilisha. Mwishoni mwa mwaka wa 1930 kengele ilipokuwa tayari, ilitangazwa kwa jina la McCann. Hapakuwa na wizi hapa. McCann alifanya kazi kubwa ya kweli. Lakini mwenye wazo la kwanza hakutajwa katika jina lake.

Basi kengele ikakaa miaka minane na zaidi. Ilijaribiwa, ikapakwa mafuta, ikalindwa. Haikuokoa mtu, kwa kuwa hapakuwa na wa kuokolewa nayo. Msiidharau miaka hiyo. Kutunza chombo cha msiba wakati ambapo hakuna msiba ni kazi inayochosha kuliko kuruka majini, na mwenye mali huanza kuuliza gharama hizi ni za nini.

Asubuhi ya tarehe 23 Mei 1939 nyambizi mpya, Squalus, ilizama kwa majaribio mbele ya pwani ya New Hampshire. Ndani walikuwa watu 59. Taa za kuonyesha kwamba matundu yote yamefungwa zilikuwa kijani; hata hivyo tundu kubwa la kuingizia hewa ya mashini lilikuwa wazi. Bahari ikaingia kwa nguvu katika vyumba vya nyuma. Meli ikashuka mpaka chini, mita 73, yaani urefu wa michikichi mitatu au minne iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine.

Katikati ya meli palikuwa na mlango wa chuma, na mlangoni alisimama baharia Lloyd Maness. Maji yalikuwa yakija, na watu wakikimbia mbele ya maji. Aliushika mlango wazi, wakapita waliowahi. Kisha hapakuwa na nafasi tena, akaufunga. Nyuma ya mlango huo walibaki watu 26, nao wakafa. Mbele yake walikuwa watu 33. Je, Maness aliwaua wale 26? Hasha. Maji yaliwaua. Yeye hakuchagua nani afe. Alichagua ya kwamba wasife wote, na kabla ya kufunga alingoja hata saa ya mwisho iliyowezekana. Ni neno zito, nami singependa mtu alijibu upesi akiwa ameketi pakavu. Lakini dhamiri iliyofundishwa vema yaweza kuona tofauti kati ya kumsukuma mtu majini na kushindwa kumvuta.

Wale 33 walikaa katika giza na baridi. Nahodha wao, Oliver Naquin, aliwaagiza walale wasiseme, ili hewa isiishe upesi. Walikuwa wamepeleka juu boya lenye simu, na nyambizi nyingine, Sculpin, ililiona siku ile ile. Likumbukeni jina hilo, Sculpin. Momsen aliitwa kutoka Washington akaja kwa ndege kuongoza kazi ya wapiga mbizi. McCann naye alikuja. Meli iitwayo Falcon ikaleta kengele.

Asubuhi ya tarehe 24 mpiga mbizi Martin Sibitzky alishuka akafunga kamba ya chuma katika mlango wa Squalus. Kengele ikashuka kwa kuivuta kamba hiyo, ikakaa juu ya mlango, na watu waliotengwa na dunia wakaona mlango unafunguliwa kutoka juu. Safari ya kwanza wakapanda 7. Ya pili wakapanda 9. Ya tatu, 9. Zikabaki roho 8, na nahodha akiwa wa mwisho wao. Wakaingia, kengele ikaanza kupanda, na njiani ikakwama. Kamba ya kushukia ilikuwa imejisokota, ikabidi kengele irudi chini hata mpiga mbizi akaikata. Kisha ikaonekana kwamba kamba ya kuinulia nayo imeanza kukatika uzi kwa uzi. Wapiga mbizi walishuka kufunga kamba nyingine, wakashindwa; katika kina kile hewa ya kawaida humlevya mtu kama pombe. Ndani ya kengele walikuwa watu 10, pamoja na wale wawili walioiendesha, McDonald na Mihalowski.

Momsen alikuwa juu ya Falcon, na uamuzi ulikuwa wake. Ndugu zangu, hapa ndipo miaka yote ile ya majaribio ilipodaiwa. Aliijua kengele. Alijua kwamba hewa ikiongezwa kidogo kidogo katika matangi yake, itakuwa nyepesi kiasi cha kuvutwa kwa mikono, na kwamba ikiongezwa mno itafyatuka kama gogo linaloibuka. Akawaagiza waendeshaji wapunguze maji kwa dakika chache tu, na mabaharia wakashika ile kamba yenye nyuzi zilizokatika, wakavuta kwa mikono yao, polepole. Yapata nusu saa baada ya saa sita ya usiku kengele iliibuka. Watu 33 walikuwa hai. Kesho yake wakaishusha tena kwenye mlango wa nyuma, maana ni nani angethubutu kusema hakuna mtu bila kutazama? Wakakuta maji matupu.

Basi, nani aliwaokoa? Maness, aliyeufunga mlango. Mabaharia wa Sculpin, walioliona boya. Sibitzky, aliyefunga kamba. Waendeshaji wa kengele, waliokuwa wamenaswa pamoja na wenzao. Mabaharia waliovuta kwa mikono. McCann. Na Momsen. Kumwondoa mmoja katika hesabu ni kusema uongo. Lakini nikiulizwa ni nani kati yao ambaye watu humsahau kwa urahisi zaidi, na kwa hiyo anatudai zaidi, nitasema ni yule aliyetengeneza kabla. Mwenye kuruka majini amesikia kilio, na kilio humsukuma mtu mwenye moyo hata kabla hajafikiri. Mwenye kutengeneza hana kilio masikioni mwake. Inambidi akisikie kwa akili, miaka mingi mbele, kutoka kwa watu asiowajua, ambao pengine hawajaingia katika meli yao. Tena asichoke wakati wengine wanapomwambia kwamba hakuna sauti yoyote.

Sasa upande wa pili wa mizani. Baada ya watu kutolewa, Momsen aliendelea kusimamia wapiga mbizi ili Squalus yenyewe iinuliwe. Walishuka zaidi ya mara 600. Walifunga mapipa makubwa ya chuma ubavuni mwake, wakayajaza hewa ili yainue; mwezi wa Julai meli ikatokeza pua yake juu ya bahari, ikaponyoka, ikazama tena. Walitumia hewa iliyochanganywa na heli, ambayo hailevyi, na ambayo Momsen aliichunguza kwa muda mrefu. Tarehe 13 Septemba 1939 ilifikishwa bandarini. Wapiga mbizi wanne walipewa nishani kuu ya taifa lao.

Je, ilikuwa halali kuhatarisha watu hai kwa ajili ya chuma na maiti? Kuzika wafu ni wajibu mkubwa, na kujua kwa nini tundu lilibaki wazi ni kuwalinda watakaokuja. Kwa sababu hizo mbili nasema ndiyo. Lakini ilikuwapo na sababu ya tatu: jeshi lilitaka meli yake. Wakaitengeneza, wakaipa jina jipya, Sailfish, wakaipeleka vitani. Tarehe 4 Desemba 1943, katika maji yaliyo karibu na Japani, Sailfish iliizamisha meli ya Wajapani iitwayo Chuyo. Ndani ya meli hiyo, bila Sailfish kujua, walikuwamo mateka 21 wa Marekani. Walikuwa mabaharia wa Sculpin, iliyozamishwa mwezi uliotangulia. Akapona mmoja. Wale 20 walikufa kwa mikono ya meli ile ile ambayo Sculpin iliitafuta na kuiona katika mwaka wa 1939.

Momsen naye alipigana. Mwaka wa 1943 aliongoza kundi la kwanza la nyambizi za Marekani lililowinda meli za adui pamoja, na alisaidia kugundua kwa nini topido zao zilikataa kulipuka. Akili ile ile, uvumilivu ule ule, na matokeo yake yakawa watu wengine waliozama, wenye mama zao. Kuna atakayeniambia, Basi mfute katika sifa. Siwezi. Tendo la kumtoa mtu majini halingoji kuona huyo mtu atafanya nini kesho, wala anayemtoa amekuwa nani jana. Lakini simwiti malaika, wala sitaki watoto wenu wamwite hivyo. Naheshimu miaka ile kumi na minne, tangu mapovu ya S-51 hata kamba ya usiku ule, na ninawaomba muiheshimu pamoja nami; miaka ya vita naiacha ihukumiwe kwa mizani ya vita, ambayo ni mizani nyingine.

Mwaka wa 2004 jeshi la majini la Marekani lilianza kutumia meli mpya ya vita na kuipa jina la Momsen. Kengele yenyewe huitwa mpaka leo kwa jina la McCann.